Ushindi wa Lumbesa

Jumamosi moja mchana, mwaka jana, nilikuta watu wanne wameinamia simu moja kwenye kibanda cha chai hapa Subukia, kando ya steji ya matatu zinazopanda Nyahururu. Walikuwa wakitazama tena pigano la kwanza la Oleksandr Usyk na Tyson Fury, lile la Riyadh la tarehe 18 Mei 2024. Matokeo waliyajua tayari. Walichobishania ni thamani yake.

"Usyk ahesabiwe huo ushindi mara mbili," mzee mmoja alisema. "Angalia vile huyo mwingine ni mrefu. Hiyo ni kama mimi nipigane na lori la maziwa."

Kijana mwenye simu alikataa. "Guka, huyo unamwita mdogo ako na kilo mia moja na moja. Mlete hapa Subukia uone kama kuna shati itamtosha."

"Na mwenzake?"

"Mia moja kumi na nane, hivi."

"Si ndio nasema! Kilo kumi na saba. Hilo ni debe zima la mahindi. Mtu anapigwa na mwenye debe la ziada, bado anashinda."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akamgeukia kaka yangu, aliyekuwa kwenye benchi hilohilo na kikombe chake. "Mbona tunabishana na shahidi yuko? Muulizeni huyu. Huyu aliwahi kuangusha jitu." Kaka yangu akatabasamu kidogo, akamaliza chai, akalipa, akatoka. Hakusema neno.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, kwa sababu mbili. Kwanza, swali la guka ni swali halisi la uhakiki: mdogo akimshinda mkubwa, ushindi huo unaongezeka thamani kwa kiasi gani, na nani anapima? Pili, ile hadithi ya kaka yangu na jitu niliiandika mimi.

Nitafika huko. Tuanze na mzani.

Ndondi ni mchezo unaokiri waziwazi kwamba mwili ni mali. Mkimbiaji wa mita 5,000 hapandishwi kwenye mzani kabla ya mbio. Bondia lazima apande. Robert Wangila aliponyakua dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988, alikuwa wa uzani wa welta, usiozidi kilo 67. Philip Waruinge, kijana wetu wa Nakuru, alipata medali zake za Olimpiki katika uzani wa unyoya, kilo 57. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 huko Belgrade, alikuwa wa kilo 48. Kati ya Muchoki na Wangila kuna kilo 19, na sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akisema ingefaa wapambanishwe ndio tujue nani mkali.

Sababu zake si siri. Ngumi hubeba uzito wa mwili ulio nyuma yake. Shingo nene huvumilia konde ambalo shingo nyembamba haliwezi. Na kuna kazi ambayo kamera haioneshi vizuri: mtu mzito akikukumbatia na kukuegemea, unabeba kilo zake juu ya zako, na ikifika raundi ya nane miguu inaanza kukudai. Ndiyo maana guka ana haki ya kutaja debe lake la mahindi.

Tena kilo hazilingani. Kilo tatu kwa mtu wa 48 ni zaidi ya asilimia sita ya mwili wake. Kwa Fury ni chakula cha jioni. Muchoki alipoingia ngumi za kulipwa na kupigania taji la dunia dhidi ya Santos Laciar wa Argentina mwaka 1982, pigano lilikuwa la uzani wa flai, ambao kikomo chake ni karibu kilo 51. Alishindwa. Ukiitaja tofauti hiyo kwenye kibanda cha chai utachekwa, eti kilo tatu ni nini. Muulize mtu wa kilo 48.

Kwa hiyo nakubali kwamba pengo la uzani linahesabika. Ninachokataa ni jinsi tunavyolisimulia.

Sisi hapa tumelelewa na Daudi na Goliathi. Subukia ni mahali pa hija. Wakatoliki hutoka pembe zote za Kenya kuja kusali kwenye madhabahu ya Mama Maria, na mtoto anayekulia bonde hili hawezi kuyakwepa mahubiri hata akitaka. Lakini jaribu kuisoma sura ya 17 ya kitabu cha Samweli wa Kwanza jinsi mkulima anavyomtazama dalali aliyekuja kununua mahindi. Goliathi anapimwa kila kitu. Tunapewa urefu wake kwa mikono na shubiri. Tunapewa uzito wa vazi lake la shaba, shekeli 5,000, na uzito wa kichwa cha mkuki wake, shekeli 600. Daudi hapimwi hata kidogo. Tunajua tu kwamba ni kijana na ana sura nzuri.

Ila Daudi mwenyewe, akizungumza na Sauli, anataja jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: ameshaua simba na dubu. Yaani huyu hakuwa mtoto aliyeokotwa njiani. Alikuwa na uzoefu wa kuua wanyama wakali, alikuwa na kombeo, na alikuwa na akili ya kukataa silaha za Sauli na kupigana kwa mbali, mahali ambapo ule uzito wote wa shaba uligeuka mzigo. Mwandishi ametuwekea habari zote mbili. Sisi wasimuliaji ndio tunabeba ile moja na kuiacha nyingine. Tunaweka mshindwa kwenye mzani, mshindi tunamwacha hewani.

Kwa lugha ya soko letu, hiyo ni lumbesa. Msomaji wa mjini ambaye hajui, lumbesa ni lile gunia la viazi ambalo likishajaa linaongezewa kofia, linashonwa kwa kamba na wavu juu hadi linaonekana lina mimba. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lumbesa inazidi, lakini bado inaitwa gunia moja. Simulizi ya mdogo kumpiga mkubwa mara nyingi hushonwa hivyohivyo. Jitu linaongezewa kofia kila linaposimuliwa, na hakuna anayeuliza mzani uko wapi.

Chukua pigano lenye pengo kubwa kuliko lile la Riyadh. Tarehe 7 Novemba 2009, mjini Nuremberg, Ujerumani, David Haye wa Uingereza alimkabili Nikolai Valuev wa Urusi, mtu wa futi saba. Valuev alikuwa na pauni 316, Haye pauni 217. Hiyo ni tofauti ya takriban kilo 45, nusu gunia la mahindi. Kama thamani ingefuata kilo, huo ungekuwa miongoni mwa ushindi mkubwa kabisa wa enzi yetu. Sasa nenda ukautazame. Haye anazunguka, anarusha konde moja au mawili, anatoka. Valuev anamfuata polepole kama trekta kwenye matope. Raundi 12 zinaisha, Haye anapewa taji kwa pointi, na hutamani kuziona tena. Simlaumu Haye, alifanya alichopaswa kufanya. Lakini lile pengo lilikuwa la kilo, na Haye alikuwa na pengo lake la kasi lililokuwa kubwa zaidi. Ukishauona mwendo wa Valuev, unaacha kuogopa kwa niaba ya mdogo. Na usipoogopa kwa niaba yake, ushindi wake unakugusa kwa lipi?

Wakati mwingine mzani wenyewe huchezewa. Mwezi Novemba 1988, Sugar Ray Leonard alipigana na Donny Lalonde wa Canada, aliyekuwa bingwa wa uzani mzito-mwepesi, ambao kikomo chake ni pauni 175. Leonard alikuwa amejulikana tangu zamani kama mtu wa welta, pauni 147. Ukisikia hivyo unasema, lo, amepanda pauni 28! Lakini mkataba ulisema wote wawili wasizidi pauni 168. Lalonde akalazimika kujikausha hadi chini ya uzani wake, na mikanda miwili ya madaraja mawili tofauti ikawekwa kwa usiku mmoja. Leonard aliangushwa raundi ya nne, akainuka, akammaliza Lalonde raundi ya tisa. Lilikuwa pigano zuri na Leonard aliteseka kweli. Hata hivyo kwenye orodha ya mataji yake limeandikwa kama kwamba alimfuata mkubwa nyumbani kwake, na hali mkubwa ndiye aliyepunguzwa ndipo akaletwa. Hiyo ni lumbesa ya ofisini, iliyopigwa muhuri.

Basi kama kilo pekee hazitoshi, tupime nini? Jibu langu nililipata kwa Mganda.

John Mugabi, aliyeitwa Mnyama, alitoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na medali ya fedha ya uzani wa welta. Alipoingia ngumi za kulipwa, kila aliyekutana naye alimalizwa kabla ya kengele ya mwisho. Alihesabiwa miongoni mwa watu wa hatari katika uzani wa pauni 154. Tarehe 10 Machi 1986, huko Las Vegas, alipanda hadi pauni 160 kumkabili bingwa asiyepingika wa uzani wa kati, Marvin Hagler. Pauni sita tu, hata kilo tatu hazifiki. Lakini Hagler alikuwa ameishi ndani ya pauni 160 maisha yake yote ya ngumi, alizijua kama mtu anavyolijua shamba la babake.

Mugabi alipigwa nokauti raundi ya 11. Mkubwa alimpiga mdogo, na kwa hesabu ya guka huo ni ushindi wa bei rahisi. Tazama pigano lenyewe, halafu useme kama ni rahisi. Mugabi anampiga Hagler kwa ngumi za juu, za chini, na zile zinazotoka mahali usipopatarajia. Uso wa Hagler unavimba. Kuna raundi ambazo ukitazama bila kujua mwisho, unaanza kuamini kwamba taji linakwenda Kampala. Hagler anashinda kwa sababu anakubali kuumia na anazidi kusonga mbele, na huo ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho. Pigano lililofuata, mwaka 1987, alipoteza kwa Leonard na hakurudi tena ulingoni. Ushindi ule wa mkubwa juu ya mdogo una thamani kwa sababu moja: mkubwa angeweza kushindwa, na alijua, na sisi tuliokuwa tukitazama tulijua.

Sasa geuza ukurasa. Mwezi Julai 1989, Mugabi yuleyule aliushinda ubingwa wa dunia wa WBC katika uzani wake wa pauni 154, kule Ufaransa, dhidi ya bingwa Mfaransa René Jacquot. Uzani ulikuwa sawa, mkanda ulikuwa halali, jina lake likaingia kwenye kitabu. Ni nini kilitokea? Raundi ya kwanza Jacquot aliteguka kifundo cha mguu, pigano likaisha. Muulize shabiki yeyote wa ndondi kuhusu Mugabi: atakusimulia usiku aliopigwa na Hagler. Usiku aliokuwa bingwa wa dunia, wengi hata hawaukumbuki. Kushindwa kwake kuna uzito kuliko ushindi wake, na sioni kosa katika kumbukumbu hiyo. Kumbukumbu imepima vizuri kuliko mkanda.

Nakuru pia ina ushahidi wake. Mwaka 1968 huko Mexico, Waruinge alishindwa kwenye nusu fainali na Antonio Roldán, Mmexico aliyekuwa akipigana nyumbani kwao. Wote wa kilo 57, mzani umenyooka. Roldán akaenda fainali, akapata dhahabu kwa sababu mpinzani wake Mmarekani, Albert Robinson, aliondolewa na refa kwa madai ya kupiga kichwa. Waruinge akabaki na shaba. Lakini lile Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika michezo mizima, alipewa Waruinge. Mwenye shaba alionekana bora kuliko wenye dhahabu wote wa madaraja yote. Miaka minne baadaye, Munich, alipata fedha. Ninapopita Nakuru nikasikia wazee wakimtaja, hawaanzi na rangi ya medali. Wanaanza na miguu yake, jinsi ilivyokuwa ikitembea.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na naomba usiichukue kama msahafu: thamani ya ushindi ni ukubwa wa uwezekano wa kushindwa ambao mshindi aliuvuka. Kilo ni sehemu ya uwezekano huo. Urefu wa mkono ni sehemu. Umri, miaka ya mazoezi, ulikula nini wiki hiyo, ulipewa siku ngapi za kujiandaa, uliruhusiwa kukataa au hukuruhusiwa, vyote ni sehemu. Na wote wawili lazima wapande mzanini, mshindi pia.

Kwa kanuni hiyo, guka na Usyk wanarudi tena. Usyk na Fury walirudiana Desemba 2024. Safari hiyo pengo lilikua, Fury akiwa na pauni 281 na Usyk 226, kilo 25 kamili kati yao. Usyk akashinda waziwazi, majaji wote watatu 116 kwa 112. Kwa kilo, ushindi wa pili ni mkubwa zaidi. Kwangu wa kwanza ndio mkubwa. Mwezi Mei jaji mmoja alimpa Fury pigano lile. Kulikuwa na raundi za katikati ambapo Usyk alionekana mtu aliyeingia kwenye nyumba isiyo yake na kukuta mwenyewe yuko. Desemba alikuwa ameshaijua milango yote. Zile kilo nane zilizoongezeka hazikumwongezea hatari, huenda zilimpunguzia.

Hapa ndipo ningemaliza makala haya, kama nisingekuwa na kesi yangu mwenyewe.

Nilikuwa darasa la saba mwaka ule kaka yangu aliposhinda. Alikuwa akifanya mazoezi Nakuru, akirudi nyumbani wikendi na mkoba wa glavu unaonuka jasho. Alikuwa mtu wa kilo 57, uzani wa Waruinge, na alipenda kutukumbusha. Jumamosi moja, katika mashindano madogo kwenye ukumbi wa mtaa, alipambanishwa na mtu mkubwa kumzidi, akamshinda raundi ya pili, refa akasimamisha. Habari zilifika Subukia kabla yake. Baba, ambaye hakuwahi kuukubali huo mchezo, alichinja mbuzi.

Jumatatu mwalimu wa Kiswahili alitupa insha: tukio ambalo sitalisahau. Niliandika "Daudi wa Subukia". Sikuwepo ukumbini, lakini hilo halikunizuia. Niliandika kwamba mpinzani alikuwa na kilo 90, kama gunia la mahindi, kwa sababu 90 ndiyo namba kubwa niliyoifahamu kwa mgongo wangu. Niliandika mikono yake kama mashina ya mibuni. Niliandika ukumbi ulitetemeka alipoanguka. Nilipata alama 35 kwa 40, insha ikasomwa mbele ya darasa, kisha gwaride, kisha mtu akainakili, na baada ya mwaka mmoja watu walioniona sokoni walinisimulia hadithi yangu mwenyewe kwa maneno yangu, kama kwamba ni wao waliokuwepo.

Kaka yangu aliacha ngumi mwaka uliofuata. Sisi tulisema amepata kazi.

Jioni ya siku ile ya kibanda cha chai, nilimkuta akikamua. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamuuliza mbona aliondoka. Aliendelea kukamua kwa muda.

"Unajua yule jamaa alikuwa na kilo ngapi?" akauliza.

"Tisini?"

"Tisini ni yako. Mzani haukuwepo siku hiyo. Walitupima na macho. Sabini, labda sabini na mbili."

"Bado ni kilo kumi na tano juu yako."

"Bado. Lakini uliza alikuwa na siku ngapi."

"Siku ngapi za nini?"

"Za ngumi. Yule alikuwa mpakiaji wa magunia pale sokoni. Alikuwa ameingia jimu wiki sita. Mpinzani wangu hakutokea, watu wameshalipa, basi wakamwangalia wakaona ana mwili, wakamvika glavu. Mimi nilikuwa na miaka minne." Alihamisha mikono kwenye chuchu nyingine. "Nilijua kabla dakika haijaisha. Mtu asiyejua ngumi hufumba macho ukimtupia mkono. Kila nikirusha, anafumba. Ningemshikilia tu, nimzungushe raundi tatu, tushuke wote wazima. Wengine wangefanya hivyo."

"Na wewe?"

"Ukumbi ulikuwa unaimba. Mdogo anapiga mkubwa! Nani ataacha?"

Akaniambia kwamba sikio la kulia la yule mtu halisikii vizuri tangu usiku ule. Bado yuko sokoni, siku hizi anauza mitumba. Wanasalimiana. Kaka yangu akimwona kwa mbali huzunguka kwanza ili amfikie upande wa kushoto, kwa sababu akimsalimia kwa upande wa kulia hatageuka.

"Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Nimwambie nani? Mlikuwa mmeshachinja mbuzi. Na wewe ulikuwa umeshaandika." Akainuka na ndoo. "Halafu kila nikijaribu, mtu ananiambia, ah, acha unyenyekevu. Hapo unafanya nini?"

Nimeisoma tena insha ile. Mama aliihifadhi pamoja na vyeti. Kama mhakiki nalazimika kusema kwamba kwa mtoto wa umri ule imeandikwa vizuri: ina mwendo, ina picha, na mwisho wake unapiga. Kosa lake halimo kwenye lugha. Kosa ni kwamba nilimpima mtu mmoja. Nilimwongezea kofia ya kilo 18 hivi mtu ambaye sikumjua, na kaka yangu sikumweka mzanini kabisa. Ningemweka, ningelazimika kuandika miaka minne upande mmoja na wiki sita upande wa pili, na hapo mtoto yeyote wa Subukia, ambako kila mtu amewahi kuibiwa na mzani wa dalali, angeona mara moja nani alikuwa Goliathi.

Hili ndilo linalonisumbua kuhusu simulizi hizi tunazozipenda. Tunadhani ziko upande wa mnyonge. Mara nyingi ziko upande wa mshindi, na zinamvika unyonge ili tumshangilie bila kujiuliza. Tena zinatengeneza mapigano mengine. Kijana anayesikia kwamba utukufu uko katika kumpiga mtu mkubwa hatamkataa mkubwa akiletwa bila mzani. Na kijana mwenye mwili mkubwa asiyejua kitu ataambiwa, wewe ingia tu, mwili unao. Yule mpakiaji hakuwa jitu. Alikuwa mtu mwenye nguvu za kubeba mizigo ya wengine, na usiku ule akabebeshwa na hadithi.

Je, ushindi wa kaka yangu haukuwa na thamani yoyote? Nilimuuliza hilo pia, siku nyingine. Aliniambia kuna pigano moja tu analojivunia, dhidi ya mtu wa kilo 57 kama yeye, mzani ulikuwepo, na alishindwa kwa pointi. Alinisimulia raundi zote tatu, konde kwa konde, kwa karibu nusu saa. Lile la jitu hakuwahi kunisimulia kwa zaidi ya dakika mbili.

Wiki iliyopita nilipita tena kibandani. Guka alikuwepo. Nilimweleza habari za Desemba, zile kilo 25, akapiga meza kwa furaha. "Basi mara tatu! Ahesabiwe mara tatu!" Nikamwambia mimi naona ule wa kwanza ndio mkubwa, kwa sababu ule angeweza kuupoteza. Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Kwa hivyo wewe unapima nini, kama si kilo?"

Nikaanza kumjibu. Nilipofika kwenye habari ya mtu anayefumba macho akitupiwa mkono, niliona kaka yangu anavuka barabara kuja upande wetu, nikanyamaza. Hiyo sehemu nitamwachia yeye, akitaka.